Mwili Nao Husahau Kwao

Kila Desemba, mabasi yanapowashusha wasafiri hapa Voi, mimi hujua kwamba baada ya wiki mbili hivi nitaletewa wagonjwa wa aina moja. Ni watoto wetu waliotoka kazini ng'ambo. Mwaka juzi aliletwa kijana aliyekuwa Dubai kwa miaka sita, akitetemeka na macho yamegeuka manjano. "Daktari, aliingia mlangoni kwangu akiwa mzima," mamake alilia. Shangazi alinong'ona kuhusu jicho la jirani. Damu ilipopimwa, ilikuwa malaria kali.

Msomaji, anayekulia Voi, Taveta au pwani huumwa na mbu tangu utotoni. Akinusurika, mwili hujenga kinga kidogo kidogo. Haimzuii kupata vimelea, bali humsaidia kuvistahimili: kichwa kitauma siku mbili, kisha arudi shambani. Lakini kinga hiyo hudumu kwa kuambukizwa mara kwa mara. Falme za Kiarabu zilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa hazina malaria mwaka 2007. Akikaa huko miaka kadhaa, kinga hupungua. Hurudi na jina lake lile lile, lakini kwa mbu wa Voi yeye ni mgeni.

Sisi wa milimani, upande wa Wundanyi, hata hatukuwa nayo ya kutosha. Baridi ya kule huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu. Nilipoteremka kujiunga na kidato cha kwanza pwani, muhula haukwisha kabla sijalazwa. Nikapewa klorokwini, nikajikuna usiku kucha! Nililia, nusu kwa homa, nusu kwa kukumbuka nyumbani.

Kinachoniudhi ni kejeli zetu. Kijana yule alikuja na neti ndani ya sanduku. Usiku wa kwanza nduguze wakamcheka: "Amekuwa Mzungu huyu!" Akaikunja. Namwelewa. Anayeishi mbali huogopa kuambiwa amewasahau watu wake, kwa hiyo hulala kama walalavyo na kunywa maji wanywayo, ili aonekane bado ni wao. Ajabu ni kwamba mgeni asiye wa ukoo angetandikiwa kitanda chenye neti bila kuomba.

Anayepanga kuja amwone daktari kabla ya safari, apewe vidonge vya kinga, na asiviache siku anapopanda ndege kurudi. Hutakiwa kuendelea navyo kwa muda atakaoelezwa. Watoto waliozaliwa huko hawana kinga yoyote, na mama mjamzito yumo hatarini zaidi. Homa ikimpata ng'ambo, hata wiki kadhaa baada ya kurudi, aseme mara moja, "Nimetoka Kenya." Madaktari wa huko huiona malaria kwa nadra, na aina hii yetu huweza kuua kwa siku chache. Na hapa nyumbani tuache mtindo wa kununua vidonge dukani kabla ya kupimwa damu.

Kijana alipona, akarudi kazini akiwa amechelewa siku tisa. Novemba iliyopita mamake alipita zahanati akitoka sokoni. Hakuwa mgonjwa. Alitaka kujua ni duka gani mjini linalouza neti ya kitanda cha futi tano.