Liverpool yauzwa, mashabiki wabaki na nyumba bila ardhi

Tangu Ijumaa vijana wenye jezi nyekundu wanapongezana barazani kwa ushindi, na ukiuliza ni mechi gani waambiwa si mechi, ni kesi. Jumapili timu yao ikapigwa 2-0 na Everton, ikabaki na pointi 6 kwa mechi 8, na bado nyuso zao zina bashasha. Wiki hii jaji wa London ametajwa kwenye kahawa kuliko Fernando Torres.

Furaha yao naielewa, maana walioondoka hawakuwa wenyewe wazuri. Lakini ukiifuata kesi tangu mwanzo, utaona kwamba mashabiki wameshangilia hukumu ambayo wao hawamo ndani yake hata kwa mstari mmoja.

Kisa ni hiki. Februari 2007 Wamarekani wawili, Tom Hicks na George Gillett, waliinunua Liverpool. Gillett aliahidi kwamba klabu haitabebeshwa deni kama lile ambalo familia ya Glazer iliibebesha Manchester United. Wakaahidi pia kwamba kazi ya uwanja mpya pale Stanley Park itaanza ndani ya siku 60. Miaka mitatu na zaidi imepita, na pale hakujachimbwa hata shimo la choo. Fedha za kununulia nazo zilikuwa mkopo wa Royal Bank of Scotland. Katika mwaka uliokwisha Julai 2009, kampuni yao iliyomiliki klabu ilitozwa riba ya karibu pauni milioni 40. Sisi tulioonywa juu ya riba tangu chuoni hatuhitaji kuelezwa deni la namna hiyo humla nani. Hapa lilimla mnunuzi wa tiketi na mnunuzi wa jezi.

Aprili 2010, ili benki iwaongezee muda, walikubali mwenyekiti kutoka nje, Martin Broughton, aje auze klabu. Wakatia sahihi kwamba ni yeye peke yake mwenye uwezo wa kubadilisha bodi. Tarehe 5 Oktoba bodi ilipokuwa tayari kukubali pauni milioni 300 za New England Sports Ventures ya John Henry, wenye timu ya besiboli ya Boston Red Sox, Hicks alijaribu kuwatoa wakurugenzi wawili, Christian Purslow na Ian Ayre, na kumtia mwanawe. Benki ikakimbilia mahakamani.

Jumatano tarehe 13, Jaji Floyd wa Mahakama Kuu ya London aliirudisha bodi ilivyokuwa. Wakati watu wanaimba nje ya mahakama, wamiliki walikuwa Dallas wakichukua amri ya muda ya kuzuia uuzaji, huku wakidai fidia ya dola bilioni 1.6. Alhamisi Floyd akawaamuru waiondoe. Ijumaa, siku ambayo mkopo ulikuwa umeiva, biashara ikafungwa.

Sasa tazama ni nini kilichopimwa mbele ya jaji. Ni sahihi zao na mkataba wao na benki. Mapenzi ya watu wa Liverpool hayakuwekwa mezani, wala jina la Bill Shankly, wala yale makombe 18 ya ligi ambayo klabu ilikuwa nayo kabla ya wao kufika. Laiti Hicks angepata mkopeshaji mwingine kabla ya tarehe 15, akailipa benki, jaji yule yule angelazimika kumlinda yeye, kwa kuwa mali ilikuwa yake. Mashabiki na benki walikuwa upande mmoja kwa sababu siku hiyo maslahi yao yaligongana njiani. Benki ilitaka deni lake. Nayo ni benki ambayo wakati huo sehemu kubwa ya hisa zake zilikuwa za serikali ya Uingereza, tangu ilipookolewa mwaka 2008.

Haki yao tuwape. Chama chao cha Spirit of Shankly, kilichoundwa 2008, kimeandamana na kuandika bila kuchoka. Iliposikika kwamba kampuni ya Blackstone huenda ikamkopesha Hicks, mashabiki waliijaza barua pepe. Kumfanya Hicks awe mkopaji mwenye fujo nyuma yake ilikuwa kazi kubwa, na pengine ndiyo iliyofanya milango ifungwe. Lakini hiyo ni nguvu ya kelele, na hati ya umiliki ni jambo jingine kabisa.

Watu wa Mombasa tuna jina la hali hii. Twaiita nyumba bila ardhi. Mtu wa Majengo hujenga nyumba yake kwa jasho lake, akazaa na kuozesha humo, na kila mwezi humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Nyumba ni yake, hakuna anayebisha. Siku kiwanja kinapouzwa ndipo hujua kwamba yeye ana kuta na paa tu. Mnunuzi akiwa mwema, atakaa. Akiwa mkaidi, atapewa notisi. Shabiki wa Liverpool ni mwenye nyumba wa namna hiyo: nyimbo ni zake, kumbukumbu ni zake, msiba wa Hillsborough ni wake, ila ardhi ilitoka kwa Hicks ikaenda kwa Henry.

Kuna watakaosema basi klabu iwe ya wanachama, kama Barcelona, ambao Juni 2010 walimpigia kura rais, Sandro Rosell. Mimi naliunga mkono hilo, ingawa mwenye kuijua Gor Mahia au AFC Leopards anajua kwamba uanachama nao una vita vyake. Na mapenzi matupu hayalishi timu. Feisal ya hapa kwetu ilichukua ubingwa wa Kenya 1965. Waulize vijana wa leo kama wanaijua.

Kilicho karibu zaidi ni mkataba. Henry ameondoa deni la ununuzi lililowekwa na wenzake, na hilo ni jema kubwa, kwani kampuni mama ingefilisika klabu ingeweza kukatwa pointi 9 na kuanza hesabu chini ya sifuri. Basi na aandike kwamba klabu haitawekwa rehani tena kwa deni la mwenyewe, na awape mashabiki kiti kwenye bodi. Mwenyewe mpya huwa msikivu miezi yake ya mwanzo, kabla hajazoea kusomwa magazetini. Mechi ya kwanza Anfield chini yake ilikuwa Jumapili, Oktoba 2010, dhidi ya Blackburn, na watu wa Kop ni mafundi wa mabango.