Achari ya Python Haidumu

Januari 2025 nilitoka Kakuma kwenda Lodwar na flashi mfukoni, safari ya kama kilomita 120, nikijua kazi yangu imekwisha. Ndani ya flashi mlikuwa na faili moja tu: vipimo vya kina cha maji katika visima sita, kila baada ya dakika 15, mwaka mzima wa 2024. Asubuhi ile kulikuwa na kikao cha kuamua malori ya maji yaelekee wapi kwanza, na malori yalikuwa mawili tu.

Nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya ofisi, nikaandika mistari yangu miwili, nikabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba haijui moduli iitwayo numpy._core. Basi. Maji ya mwaka mzima yamo mle ndani, na mlango haufunguki. Laptopu yangu nilikuwa nimeiacha Kakuma.

Kikao kiliendelea kwa kukumbuka na kukisia, na aliyezungumza kwa sauti kubwa ndiye aliyesikika. Niliporudi Kakuma nikachora grafu, nikaona kwamba kisima kilichokuwa kikishuka haraka kuliko vyote hakikutajwa hata mara moja. Lori lilifika huko wiki mbili baadaye. Kosa lilikuwa langu, na ndiyo maana naandika makala haya.

Kwa wasio wa fani hii, nieleze kidogo. Programu ya hesabu inapofanya kazi, data zake zimetawanyika kwenye kumbukumbu ya kompyuta: namba hapa, majina ya safu pale, tarehe kule, na vitu hivi vyote vinaelekezana. Ukitaka kuviweka kwenye diski lazima uvipange viwe mstari mmoja wa baiti. Upande wa pili, mstari ule unageuzwa tena kuwa data. Wataalamu huita kazi hizi serialaizesheni na diserialaizesheni. Mimi nitasema kufungasha na kufungua, kwa sababu ndivyo ilivyo hasa.

Kila programu ya hesabu ina namna yake. MATLAB ina faili za .mat, R ina .rds, na Python ina moduli iitwayo pickle. Neno hilo kwa Kiswahili chetu ni achari. Jina zuri, lakini linadanganya. Achari ya ndimu ukiifunga vizuri kwenye chupa utaila miezi mingi baadaye. Achari ya Python inategemea jikoni lilelile ilimopikwa.

Sababu ni hii. Pickle inapofungasha kitu, haiweki ndani maelezo kamili ya namna ya kukijenga upya. Inaweka namba zako pamoja na jina la mahali ambapo fundi wa kukijenga anapatikana. Toleo la 2.0 la NumPy lilipotoka Juni 2024, sehemu iliyoitwa numpy.core ilipewa jina jipya, numpy._core. Toleo la 1.26 lilikuwa limefundishwa kulitambua jina hilo, lakini matoleo ya zamani zaidi hayalijui. Laptopu yangu ilikuwa na NumPy mpya. Kompyuta ya Lodwar ilikuwa ya zamani, na mtandao wa siku ile haukutosha kuisasisha.

Ukitaka mfano wa Turkana, tazama familia inapohama na mifugo. Punda hubebeshwa ngozi, vibuyu na fito. Wakifika, nyumba inasimama upesi kwa sababu mama anayejua kuijenga amekuja pamoja na mzigo. Faili langu lilikuwa punda aliyefika peke yake, na karatasi shingoni: "Muulizeni fulani, yeye anajua." Na fulani mwenyewe amebadili jina.

Kuna jambo la pili, tena baya zaidi. Maagizo yaliyomo ndani ya pickle yanaweza kuiamuru kompyuta iendeshe karibu chochote. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutengeneza faili ambalo, ukilifungua tu, linafuta diski yako au linanakili ulichonacho. Wenye Python wenyewe wanaonya kwenye nyaraka zao kwamba usifungue pickle usiyoiamini. Huku kwetu flashi hupita mikono mingi, na kompyuta inayochora grafu za visima mara nyingi ndiyo hiyohiyo yenye majina ya watu waliopokea msaada. Fikiria kambi kama Kakuma, iliyoanza 1992 kwa kupokea waliokimbia vita. Majina hayo ni ya watu ambao wengine wao bado wanatafutwa na waliowakimbia. Sioni kwa nini tuyaweke hatarini kwa ajili ya kuokoa mistari mitatu ya kodi.

NumPy waliliona hilo. Tangu toleo la 1.16.3 la Aprili 2019, amri yake ya kufungua faili hukataa pickle mpaka wewe mwenyewe uiruhusu. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukiona kosa hilo tunaandika ruhusa na kuendelea na safari. Nimefanya hivyo mara nyingi mno.

Sasa sisemi pickle itupwe. Ni chombo kizuri cha kupitisha data kati ya sehemu mbili za programu moja, au kuweka matokeo ya leo ili kesho asubuhi uendelee kwenye kompyuta ileile. Ninachosema ni kwamba si chombo cha kuhifadhi, wala cha kumpa mtu mwingine.

Cha kuhifadhi kipo. Kwa safu za namba tupu, NumPy ina faili za .npy, zilizopendekezwa na Robert Kern Desemba 2007. Mwanzoni mwa faili kuna maandishi mafupi yanayosomeka: aina ya namba, mpangilio wa baiti, na ukubwa wa safu. Pendekezo lenyewe linakiri kwamba data huishi kuliko programu zilizoziandika, kwa hiyo linataka mtu wa lugha nyingine aweze kulisoma faili. Kwa ramani kubwa kuna netCDF. Data za mvua za CHIRPS, zinazoanzia 1981 na kutumika sana katika kazi za ukame, hupatikana kwa muundo huo, na R, MATLAB na Python zote huzisoma.

Na kwa visima vyangu sita, jamani, CSV ingetosha! Kipimo kila dakika 15 ni vipimo 96 kwa siku, yaani 35,040 kwa mwaka wa siku 365. Mstari mmoja ukiwa na herufi 30, kisima kimoja ni kama megabaiti moja kwa mwaka. Ningeweza kulifungua faili kwa programu yoyote ya kuandikia, hata kwa simu ya mjumbe mmoja wa kikao.

Mtaniambia CSV ina udhaifu wake, na ni kweli. Haisemi namba ni mita au futi. Nafasi tupu inaweza kuwa sifuri au kipimo kilichokosekana. Tarehe 03/04 inaweza kuwa Aprili au Machi. Na sisi tuna tatizo letu wenyewe ambalo hakuna muundo wa faili utakaolitatua.

Mhudumu wa kisima kimoja huandika daftarini saa anayowasha pampu. Ameandika "saa 2". Mimi nikaingiza 02:00. Kwenye grafu pampu inayotumia nguvu za jua ikaonekana inavuta maji saa nane za usiku! Nilitafuta hitilafu kwenye kifaa siku mbili nzima kabla ya kukumbuka kwamba mzee yule anahesabu saa kama mama yangu anavyohesabu. Saa mbili yake ni saa mbili asubuhi, 08:00. Yeye alifungasha sawasawa, mimi ndiye niliyefungua vibaya.

Kwa hiyo sasa kila folda ya data ninayoitoa ina faili dogo la maandishi, kwa Kiswahili: kila safu ni nini, kipimo chake ni kipi, saa ni za mtindo gani na ziko UTC+3, pengo linaandikwaje, nani alipima na kwa kifaa gani. Kuliandika kunachukua dakika kumi.

Kabla ya kuhifadhi chochote, mfikirie mtu atakayelifungua faili hilo miaka kumi ijayo, Lodwar au kwingineko, kwenye kompyuta usiyoijua, nawe hupatikani kwa simu. Ikiwa hataweza kulisoma bila wewe, kazi yako haijaisha. Pickle zangu za 2024 zote nimeshazigeuza kuwa CSV. Nilimaliza kwa jioni moja.