Matatu ina gia, boda ina gia. Traisiko ya mlemavu je?

Ukikata kona Kombani kuelekea Kwale mjini, sikiliza matatu. Dereva anarudisha gia, injini inalia, mnasogea polepole. Boda nayo hivyo hivyo. Kwale mjini iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, na mlima hauna urafiki na mtu.

Sasa niambie: mbona traisiko nyingi tunazowapa watu wenye ulemavu, zile za kunyonga kwa mikono, zina gia moja tu?

Huku chini hutaona shida. Ukunda hadi ufuoni Diani ni tambarare, mtu ananyonga zake anafika kazini bila kumwomba yeyote. Lakini makao ya kaunti yako wapi? Juu. Mahakama ya Kwale iko wapi? Juu vilevile. Yaani anayetafuta haki au huduma lazima aukabili ule mlima.

Chuo niliacha njiani, lakini hesabu hii haitaki digrii. Tuseme mtu ana kilo 65 na traisiko ina kilo 35. Jumla 100. Kwenye barabara inayopanda mita 8 kwa kila mita 100, mlima unamvuta nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 8. Haachiliwi hata sekunde moja. Akipumzika bila breki ya kufunga, anarudi alikotoka.

Na huyu hana ujanja wako. Wewe ukichoka kwenye baiskeli ya kawaida unasimama juu ya pedali, uzito wa mwili unasaidia miguu. Yeye ameketi, ameegemea nyuma. Hana pa kusimama. Kilichobaki ni mabega na mikono, ambayo kwa watu wengi ina nguvu kidogo kuliko miguu.

Kuna jambo jingine wanunuzi hawalifikirii. Traisiko nyingi huvutwa na gurudumu la mbele. Ukipanda mlima uzito unahamia nyuma, mbele kunakuwa kwepesi. Kwenye changarawe gurudumu linazunguka bure, mtu anatoka jasho pale pale alipo.

Dawa yake inajulikana zamani. Gia ya chini inapunguza mzigo: ukizungusha mara mbili zaidi kwa mwendo ule ule, mkono unasukuma nusu ya nguvu. Unaenda mdogo mdogo, lakini unafika. Na kwa kuwa traisiko ina magurudumu matatu, haianguki hata ikienda kama kobe. Mbio za baiskeli za mikono ziliingia Paralimpiki mwaka 2004 kule Athens, na wapo wanamichezo wanaozipanda wakiwa karibu wamelala chali. Mikono yao ina mazoezi, sawa, lakini hata wao wana gia za kuchagua.

Najua utasema gia ni ghali na zitaharibika. Haya, baiskeli za mitumba zenye gia zimejaa Pwani, na mafundi wetu wanazitengeneza chini ya miembe kila siku. Anayerekebisha ya kijana wa shule atashindwaje na ya mama mwenye traisiko?

Au utasema apande matatu. Traisiko utaiweka wapi, kwenye mapaja ya abiria? Boda inaweza kumpandisha yeye, lakini akifika juu atatembelea nini?

Au basi asukumwe. Hapo ndipo mimi nakataa kabisa. Chombo hiki alipewa ili aende atakako, wakati atakao, bila kungoja mtoto wa jirani atoke shule. Ukimpa kinachoishia chini ya mlima, umempa uhuru wa nusu njia. Na hatuongei hisani hapa. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvuka vikwazo vya ulemavu wake.

Kwa hivyo kaunti, wabunge, wafadhili: kabla ya kununua, muulizeni mwenyewe anapita njia gani. Wa Diani ufuoni huenda gia moja inamtosha. Wa kule Shimba Hills apewe angalau gia tatu, breki ya kufunga akitaka kupumua, na breki nzuri za kuteremkia, maana kushuka ule mlima nako si mchezo.

Na wewe unayesoma kwenye simu, una kazi. Siku ukiona picha ya mheshimiwa akikabidhi traisiko mpya, utepe mwekundu na tabasamu kibao, usiishie kuweka makofi. Uliza swali moja: ina gia ngapi?