Saini ya mkufunzi yabeba uzito mpya katika kanuni za marubani wa ndege za michezo Marekani

Tangu tarehe 22 Oktoba 2025, rubani wa ndege za michezo nchini Marekani ana ruhusa ya kurusha ndege ambazo kwa zaidi ya miaka 20 zilikuwa nje ya mipaka ya cheti chake. Mabadiliko hayo, yaliyotangazwa Julai mwaka huo mjini Oshkosh na Waziri wa Uchukuzi, Sean Duffy, yamejadiliwa zaidi kwa upande wa ndege zenyewe. Mkufunzi hakutajwa sana, ilhali ni saini yake katika kitabu cha kumbukumbu za mwanafunzi itakayobeba sehemu kubwa ya mzigo huo.

Cheti hicho kilianzishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) mwaka 2004 ili kupunguza gharama za kujifunza urubani. Mwombaji wa cheti cha ndege hutakiwa kuwa na angalau saa 20 angani, nusu ya zile 40 za rubani binafsi, na leseni ya kuendesha gari yaweza kutumika badala ya cheti cha afya. Ndege ilipaswa kuwa na viti visivyozidi viwili na, kwa zile zinazotua nchi kavu, uzito usiozidi takribani kilo 600. Kikomo hicho cha uzito sasa kimeondoka. Kinachotazamwa ni kasi ambayo ndege ikishuka chini yake mabawa hupoteza nguvu ya kuinua. Isizidi takribani kilomita 109 kwa saa. Viti vyaweza kufika vinne, ingawa abiria anabaki mmoja tu.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba cheti chenyewe hakitaji aina ya ndege. Aina hiyo huthibitishwa kwa uidhinisho ulioandikwa kitabuni. Kwa kawaida, rubani anayetaka kuongeza aina nyingine hufunzwa na mkufunzi mmoja, kisha hupimwa na mwingine ambaye hakumfundisha, bila kwenda kwa mtahini wa serikali. Saini mbili hizo ndizo ruhusa.

Utaratibu huo ulikuwa rahisi kuutetea ndege zilipokuwa ndogo, na safari zikifanyika mchana pekee. Sasa rubani huyo anaweza kuruka usiku, baada ya angalau saa 3 za mafunzo ya usiku na uidhinisho wa mkufunzi. Hapo leseni ya gari pekee haitoshi kuthibitisha afya yake. Vivyo hivyo, ndege yenye magurudumu yanayokunjwa inahitaji mafunzo na saini ya pekee.

Mkufunzi wa ngazi hii anaweza kuwa na umri wa miaka 18 na, kwa upande wa ndege, saa 150 za urubani. Ni lazima awe amefunzwa kujinasua ndege inapozunguka ikiporomoka, na atunze kumbukumbu za saini zake kwa miaka 3. Masharti hayo si mepesi. Hata hivyo, mkufunzi aliyepata uzoefu wake wote katika ndege ya viti viwili, tena mchana, anapaswa kwanza kurudi darasani mwenyewe kabla ya kumwidhinisha mwingine. Katika kiwanja kidogo cha nyasi hakuna ofisa anayesimama kuhakikisha amefanya hivyo.

Kwa Waafrika Mashariki wanaojifunza urubani huko, kuna tahadhari moja. Cheti hiki hubeba maelezo kwamba mwenye nacho hatimizi viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), hivyo hakitumiki nje ya Marekani bila idhini ya nchi husika. Lakini tangu mwaka 2018, saa za kufundishwa na mkufunzi wa ndege za michezo zinaweza kuhesabiwa katika kuomba cheti cha rubani binafsi, na kwa anayetarajia kurejea Dar es Salaam au Nairobi, hicho ndicho cheti cha kulenga.