Setilaiti za Mirihi: Umuhimu wa kundi linaloweza kujiongoza

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Desemba 2025, Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) lilitangaza kupoteza mawasiliano na MAVEN, setilaiti iliyokuwa ikiizunguka sayari ya Mirihi tangu mwaka 2014. Ilipita nyuma ya sayari hiyo kama kawaida yake, lakini mawasiliano hayakurejea kama ilivyotarajiwa. Mbali na kuchunguza angahewa, MAVEN ilikuwa ikipokea taarifa kutoka kwa magari ya utafiti yaliyopo juu ya uso wa Mirihi na kuzituma duniani.

Kazi hiyo haikusimama, kwa kuwa zipo setilaiti nyingine. Hata hivyo, baadhi yake zina umri mkubwa: Mars Odyssey ilirushwa mwaka 2001, Mars Express ya Ulaya mwaka 2003, na Mars Reconnaissance Orbiter mwaka 2005. Kila moja ilibuniwa hasa kwa utafiti wake yenyewe. Ndiyo maana wataalamu wanatafakari kundi la setilaiti lililosanifiwa tangu mwanzo kufanya kazi kwa pamoja.

Hoja ya kwanza ni mahali pa kuziweka. Setilaiti inayozunguka karibu na uso wa sayari hupata picha za kina, lakini hupita juu ya gari la utafiti kwa dakika chache tu. Iliyowekwa katika kimo cha takriban kilomita 17,000 juu ya ikweta ya Mirihi huenda sambamba na mzunguko wa sayari, hivyo huangalia eneo lilelile muda wote, ingawa haioni ncha. Chombo cha Hope cha Umoja wa Falme za Kiarabu, kilichowasili Februari 2021, kimeonesha faida ya kutazama kutoka mbali, kwani hufuatilia hali ya hewa katika nyakati zote za siku. Kundi kamili linahitaji aina zote mbili.

Umuhimu wa ufuatiliaji huo ulidhihirika mwaka 2018, pale dhoruba ya vumbi ilipoifunika sayari nzima. Gari la Opportunity, lililotegemea nishati ya jua, lilinyamaza mwezi Juni mwaka huo na halikusikika tena.

Hoja ya pili ni uwezo wa kujiongoza. Ishara ya redio huchukua kati ya dakika tatu na 22 kufika Mirihi, na jibu huchukua muda kama huo kurudi. Aidha, takriban kila baada ya miezi 26 Jua hukaa kati ya sayari hizi mbili, na wataalamu husitisha kutuma maagizo kwa wiki mbili hivi. Katika kipindi hicho setilaiti haina wa kumuuliza. Kwa sasa, nyingi zikipata hitilafu huzima shughuli zake, huelekeza paneli kwenye Jua na kusubiri maelekezo. Kundi linalojiongoza lingekwenda mbali zaidi: setilaiti jirani ingebaini pengo, ingechukua zamu na kupanga upya kazi.

Ustahimilivu, hata hivyo, hauji kwa wingi pekee. Setilaiti kumi zenye programu moja zinaweza kuanguka siku moja kwa kosa moja. Mwaka 1999, Mars Climate Orbiter ilipotea kwa sababu ya vipimo vya mifumo miwili tofauti kuchanganywa. Kosa la aina hiyo likiingia katika kundi zima, hakuna jirani wa kuokoa mwenzake. Kwa sababu hiyo, usanifu bora hutenganisha mifumo na huacha chombo cha akiba kikiwa tayari huko huko, kwani nafasi nzuri ya kurusha kingine hutokea mara moja tu katika takriban miezi 26.

Somo hili linatuhusu pia. Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya uangalizi wa dunia, Aprili 2023, na mipango ya kilimo na maafa katika kanda yetu inazidi kutegemea taarifa za anga. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mradi wa aina hii unapaswa kupimwa kwa huduma itakayobaki siku chombo kimoja kitakaponyamaza.