Utunzaji wa Seva Ndogo ya Wiki: Je, Wastahili Taabu Yake?

Neno wiki, kwa maana tunayoikusudia hapa, halina uhusiano wowote na juma letu la siku saba. Asili yake ni lugha ya Kihawaii, ambamo wiki wiki ni haraka haraka. Ward Cunningham, mtaalamu wa programu za kompyuta wa Marekani, alilikuta likitumika kuwa jina la mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu, akalichukua kuuita mtambo alioufungua mwaka 1995: kurasa za mtandao ambazo msomaji mwenyewe aweza kuzihariri papo hapo na kuziunganisha moja na nyingine. Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001, ni zao la wazo hilo.

Makala haya yahusu jamaa mdogo wa Wikipedia, yaani wiki ya mtu mmoja, au ya idara moja ya shule, iliyowekwa katika kompyuta ndogo pembeni mwa meza. Mwalimu wa fizikia huandika humo maelezo ya majaribio, kasoro za vifaa vya maabara, na vipimo vya mvua vilivyochukuliwa na wanafunzi. Kila ukurasa huhifadhi historia yake: nani aliubadili, lini, na ulisemaje kabla ya kubadilishwa. Sijui daftari la karatasi linaloweza kufanya hivyo bila kuchafuka.

Wanaotaka seva ya namna hiyo huuliza kwanza jinsi ya kuisimika. Kuisimika ni kazi ya jioni moja. Swali lenye uzito ni nani ataiangalia katika mwaka wa tatu, wakati upya wake umekwisha na vumbi limeingia. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Wapo watakaojibu kwamba mzigo huo hauna haja, madhali yako makampuni yanayotunza kurasa za watu bila malipo. Tuwakumbushe habari za Wikispaces. Huduma hiyo ilianza mwaka 2005, ikapendwa sana na walimu wa nchi mbalimbali, ambao waliweka humo masomo yao. Mwaka 2018 wenyewe walitangaza kwamba wanaifunga, na sababu waliyoitoa ni gharama kubwa ya kuusasisha mtambo uliochakaa. Yaani hata wao walishindwa na kazi hii hii ya ulezi. Waliohamisha kurasa zao kwa wakati waliziokoa, waliochelewa walizikosa. Kwa hiyo kazi ya kutunza haiepukiki. Tunachochagua ni ifanyike mbele ya macho yetu au nyuma ya pazia la mtu mwingine. Mimi nachagua mbele ya macho yetu, hasa shuleni, kwa sababu ndani ya kazi hiyo mna sayansi nyingi.

Tuanze na umeme. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyotolewa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 2012, ikitumia wati 5 mchana na usiku, kwa mwaka itakula kiasi cha yuniti 44. Kompyuta ya mezani yenye kutumia wati 60 itakula zaidi ya 525. Wanafunzi na wafanye hesabu hiyo wenyewe, kisha waizidishe kwa bei ya yuniti moja mahali walipo.

Umeme ukikatika ghafla huleta madhara mawili. La kwanza ni kwamba kadi ya kumbukumbu iliyokuwa ikiandikwa wakati huo yaweza kuharibika mpangilio wake wa mafaili. Kadi hizo, hata pasipo ajali, vijumba vyake vya kuhifadhi chaji huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Diski ya kielektroniki pamoja na betri ya akiba ni ununuzi wa busara kuliko kompyuta yenye kasi zaidi. Madhara ya pili hayaonekani upesi. Matoleo ya Raspberry Pi yaliyotangulia lile la tano, la mwaka 2023, hayana saa inayoendelea kutembea umeme usipokuwapo. Kompyuta huuliza saa kutoka mtandaoni. Ikikosa mtandao, huendelea na saa ya zamani. Matokeo yake, kipimo cha mvua kilichoandikwa Ijumaa chaweza kuwekewa tarehe ya Jumanne, na hakuna atakayegundua mpaka mtu alinganishe na kalenda.

Kuhusu programu, ushauri wangu unapingana na mazoea ya wengi, ambao huikimbilia MediaWiki kwa sababu ndiyo inayoendesha Wikipedia. Ni programu bora, lakini kwa kawaida kurasa zake hukaa ndani ya hifadhidata, na hifadhidata nayo yataka mlezi wake. DokuWiki, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Andreas Gohr wa Ujerumani, huweka kila ukurasa katika faili moja la maandishi ya kawaida. Programu yenyewe ikifa leo, mafaili yatasomeka katika kompyuta yoyote ile. Kwa mtu mmoja au shule moja, sifa hiyo yapita mapambo yote.

Nakala za akiba zataka maelezo marefu kidogo. Watu wengi hunakili seva kila usiku juu ya nakala ya jana, wakadhani wako salama. Ukurasa ukiharibika Jumatatu, na uharibifu ukaonekana Alhamisi, nakala ya Jumatano usiku imekwisha kuwa na uharibifu ule ule. Hapana budi pawe na nakala za vizazi kadhaa: ya jana, ya juma lililopita, ya mwezi uliopita, na mojawapo ikae nje ya jengo, maana moto na wizi havichagui chumba. Tena nakala isiyowahi kujaribiwa haijulikani kuwa ni nakala. Mara moja kila muhula, wanafunzi wapewe kompyuta tupu na diski ya akiba, waambiwe waifufue wiki nzima pasipo kugusa seva yenyewe. Jaribio hilo lina thamani ya maabara kuliko mengi tunayoyafanya kwa sababu tu yamo katika muhtasari.

Juu ya usalama nitasema machache. Wiki ya shule ikae ndani ya mtandao wa shule. Ikifunguliwa kwa dunia nzima ihaririwe na yeyote, itajazwa matangazo na programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikitafuta mahali pa namna hiyo. Programu zisasishwe kila mwezi, baada ya kuchukua nakala ya akiba wala si kabla.

Liko tatizo lisilotibiwa na kifaa chochote. Mwalimu aliyeisimika seva hupata uhamisho, naye huondoka na neno la siri kichwani. Miezi sita baadaye kompyuta imezimwa ili tundu la umeme litumike kwa birika. Kazi ya miaka minne imo ndani, nzima kabisa, wala hakuna wa kuifungua. Kwa sababu hiyo ningependa ukurasa wa kwanza kuandikwa katika wiki yoyote ya shule uwe ule wa kueleza jinsi ya kuiwasha, kuizima, kuinakili na kuifufua, ukaandikwa kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kukifuata bila kuuliza. Upigwe chapa katika karatasi, utiwe katika bahasha pamoja na neno la siri, nayo bahasha ifungiwe katika kabati la mkuu wa shule, palipo na funguo za maabara.