Gari Lisilowaka Alfajiri

Baridi ya Juni na Julai ishukapo Tunduma na katika nyanda za Mbozi, wenye magari ya zamani ya dizeli, yale yabebayo kahawa na mahindi hata Vwawa na Mlowo, hutaabika sana alfajiri. Injini yazungushwa hata betri yachoka, wala haiwaki. Ndipo aitwapo fundi, naye asema mara moja, "Nozeli zimekufa." Mwenye gari auza magunia yake, anunua nozeli mpya, na siku ya pili gari haliwaki vilevile. Magunia hayo yalikuwa ada ya mtoto.

Twapenda basi injini yenyewe iulizwe kwanza. Yafaa kujua ya kuwa injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani yake mpaka iwe ya moto mno, kisha nozeli hunyunyiza mafuta mfano wa ukungu, nayo huwaka kwa joto lile. Injini ikizunguka kivivu, joto halipatikani. Kwa hiyo tazameni betri na nyaya zake.

Kisha mmoja azungushe, mwingine asimame nyuma atazame moshi. Ukitoka mweupe, mafuta yafika lakini hayawaki: chunguzeni plagi za joto, ambazo huharibika kimya wakati wa joto, maana siku hizo hatuzihitaji sana. Usipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki. Mwageni maji yaliyotuama chini ya chujio, hasa kama dizeli ilinunuliwa kwa dumu. Kazeni vibano vya mipira. Kisha toeni upepo kwa pampu ya mkono.

Nozeli ni za mwisho. Injini ikiwaka kwa kutetemeka, fundi alegeze kidogo nati ya bomba la nozeli moja, aikaze, aende ya pili. Mngurumo ukibadilika, ile ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, ugonjwa u hapo. Aibadilishane mahali na nozeli nyingine: ugonjwa ukihama nayo, nunueni hiyo moja.

Haya ni ya injini za pampu ya zamani tu. Katika magari ya dizeli ya siku hizi, msukumo katika bomba hilo wapita mara 1,000 ule wa hewa ituzungukayo; asilifungue mtu injini ikizunguka. Hata katika zile za zamani, mafuta yarukayo kwa nguvu hupenya ngozi, na tundu dogo kama la sindano laweza kumpotezea mtu mkono. Apatwaye apelekwe hospitali saa ile ile, asingoje maumivu.